Kada za Afya Zijifunzie Wapi Kufanya Kazi Pamoja: Darasani, Kwenye Mdoli, Wodini au Kijijini?

Mwanafunzi wa udaktari Tanzania anasoma miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Mfamasia wa shahada anasoma miaka 4, muuguzi wa stashahada miaka 3. Muda wote huo wanapishana koridoni na kugombea viti kwenye maktaba ileile, lakini ni nadra kukalishwa pamoja wakaambiwa: mgonjwa huyu ni wenu wote, mtamsaidiaje? Halafu wanaajiriwa. Usiku mmoja mama anavuja damu leba, na hapo hapo wanatakiwa wawe timu.

Wazo la kada mbalimbali kujifunza pamoja halikuanza jana. Uingereza ina kituo cha kuliendeleza, CAIPE, tangu mwaka 1987. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti yake mwaka 1988, na mwaka 2010 likatoa mwongozo mpana zaidi. Wakuu wa vyuo na waganga wafawidhi wengi wanakubaliana nalo. Wanapokwama ni kwenye kuchagua njia. Ratiba imejaa, watumishi hawatoshi, na fedha iliyopo inaweza kubeba jambo moja tu kwa sasa.

Njia zinazoshindanishwa mara nyingi ni nne: moduli ya pamoja darasani, mazoezi ya dharura kwa mdoli wa mafunzo, kujifunza ndani ya kazi yenyewe wodini, na kuwapeleka wanafunzi wa kada mchanganyiko vijijini. Zote nne zina sharti moja. Kujaza ukumbi mmoja wanafunzi 300 wa kada tano wakamsikiliza mhadhiri mmoja hakutoshi. Lazima kila kada ijifunze kutoka kwa mwenzake na ielewe kazi ya mwenzake. Bila hilo mmeokoa gharama ya ukumbi, basi.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni tatizo lenyewe. Timu za afya haziugui ugonjwa mmoja. Ipo timu ambayo watu hawajui kazi za wenzao. Ipo ambayo wanajua vizuri, ila muuguzi anaogopa kumwambia daktari kwamba dozi imezidi. Nyingine ina watu wema wanaoelewana, lakini taarifa za mgonjwa zinapotea kila zamu zinapobadilishana. Atakayechagua njia kabla ya kutambua ugonjwa wa timu yake atapoteza fedha.

Cha pili ni gharama, na hapa nahesabu pia muda wa wakufunzi. Cha tatu ni ratiba: je, watu hawa wanaweza kupatikana kwa wakati mmoja? Kigezo hiki kimeua mipango mingi kuliko ukosefu wa fedha. Cha nne ni ngazi ya vyeo, yaani nani anapata nafasi ya kusema na nani anazibwa mdomo. Cha tano ni ushahidi kwamba mafunzo yanamfikia mgonjwa na kudumu. Kwenye hili la mwisho tuwe wakweli: mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalipata tafiti 15 tu zilizokidhi viwango vyake. Kati ya hizo, 7 zilionyesha matokeo mazuri, 4 matokeo mchanganyiko, na 4 hazikuonyesha athari yoyote. Kwa hiyo anayekuhakikishia kwamba njia yake itafanya kazi popote, muulize maswali zaidi.

Moduli ya pamoja darasani

Wanafunzi wa kada tofauti wanasoma pamoja mada zinazowahusu wote: maadili, usalama wa mgonjwa, kuzuia maambukizi, mawasiliano. Ikiendeshwa vizuri, mihadhara inakuwa michache na kazi kubwa inafanyika kwenye vikundi vidogo vyenye mgonjwa mmoja wa kwenye karatasi.

Chukua mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, ana kidonda mguuni, na sasa amegundulika kuwa na kifua kikuu. Mwanafunzi wa udaktari anaandika dawa za kifua kikuu na kuona amemaliza. Mwenzake wa famasi anamkumbusha kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya glibenklamidi, hivyo sukari inaweza kupanda bila mtu kuelewa kwa nini. Wa maabara anauliza kipimo cha sukari kilichukuliwa kabla au baada ya kula, maana kwenye fomu hakuna aliyeandika. Wa uuguzi anataka kujua nani atabadilisha bandeji nyumbani, na nyumba iko umbali gani kutoka zahanati. Ndani ya nusu saa daktari mtarajiwa ameona mashimo matatu kwenye mpango wake, na waliomwonyesha ni watu aliodhani kazi yao ni kupokea maagizo.

Njia hii inatibu vizuri tatizo la kutojua kazi ya mwenzako. Gharama yake ni ndogo kwa sababu haihitaji kifaa chochote kipya. Kwa upande wa vyeo ina faida isiyopatikana kwingine: hakuna aliyekwisha kuwa bosi, kwa hiyo mazungumzo yanakuwa ya wanafunzi kwa wanafunzi. Ila faida hiyo inayeyuka wakufunzi wote wakiwa madaktari. Wanafunzi husoma zaidi wanachokiona kuliko wanachoambiwa.

Ratiba ndipo penye kazi. Kila kitivo kina kalenda yake, mitihani yake na wiki zake za vitendo. Bila mkuu wa chuo mwenyewe kutenga saa hizo na kuzilinda, moduli itakufa muhula wa pili. Na ushahidi wake unaishia zaidi kwenye mtazamo na uelewa. Safari kutoka hapo hadi kwa mgonjwa ni ndefu, hasa ikiwa kijana anahitimu na kuingia kwenye wodi yenye utamaduni wa zamani.

Inawafaa vyuo vyenye kada nyingi ndani ya uzio mmoja. Chuo chenye kada moja tu, kilicho mbali na vingine, kitatumia nguvu nyingi kwa faida ndogo.

Mazoezi ya dharura kwa mdoli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Tanzania ina mengi ya kuieleza dunia.

Mkufunzi anajifunga kiunoni kifaa cha MamaNatalie na kucheza nafasi ya mama anayejifungua. Ndani kuna mfuko wa damu bandia, naye ndiye anayeamua itoke kiasi gani. Mtoto ni NeoNatalie, mdoli unaojazwa maji ya uvuguvugu ili mkononi uwe na uzito kama wa mtoto mchanga. Mtoto anatoka, halii. Saa inahesabu, kwa sababu ndani ya dakika ya kwanza awe anapumua au awe anasaidiwa kwa ambu, yaani mfuko wa kusukumia hewa kwenye mapafu. Wakati huohuo mama anaanza kuvuja. Mkunga ana mikono miwili tu, na wagonjwa sasa ni wawili.

Kinachofundishwa hapo ni zaidi ya kubonyeza ambu. Ni nani anaita msaada, na kwa maneno gani. "Sista, njoo haraka" haimwambii mtu chochote. Linganisha na hii: "Dokta, mama amejifungua dakika 10 zilizopita, amepata sindano ya oksitosini ya kuzuia damu, uniti 10, damu haikatiki, presha 80 kwa 50. Naomba uje sasa hivi, na maabara waandae damu." Hali, historia, tathmini, ombi. Mpangilio huo ulianzia kwenye manowari za jeshi la majini la Marekani kabla ya kuingia hospitalini, na unampa mkunga mdogo kabisa kwenye zamu njia ya kumwambia daktari bingwa "njoo" bila kuonekana mkosefu wa adabu. Baada ya zoezi wanakaa chini wote. Nani alisikia nini? Nani alikuwa anashika nini? Kwa nini hakuna aliyekwenda kwenye jokofu la oksitosini? Kikao hicho ndicho chenye somo. Hospitali zinazokiruka ili kuwahi kazi zimefanya maigizo tu.

Ushahidi wa njia hii ni mzito kuliko wa zile nyingine, na ndani yake kuna onyo. Mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yalipopelekwa kwenye hospitali 8 za Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilishuka kwa asilimia 47. Lakini kwenye hospitali ya Haydom, Manyara, watafiti waligundua jambo lingine katika kipindi hichohicho: mafunzo ya siku moja yaliwafanya watumishi wafanye vizuri mbele ya mdoli, ila chumba cha kujifungulia hakikubadilika. Haydom wakabadilisha mtindo. Mdoli ukawekwa palepale wodini, watu wakafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki na kurudia kwa dakika 40 kila mwezi. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango uliozaliwa na uzoefu huo ukasambazwa kwenye vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vimeshuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Kwa hiyo ukiiga, iga dakika 5 za kila wiki, usiige semina ya siku moja hotelini.

Gharama yake ni ya kati: midoli inahitaji fedha ya kununulia na mtu wa kuitunza, lakini ikishakuwepo zoezi lenyewe halidai posho. Ratiba si kikwazo kikubwa likifanyika mahali pa kazi mwanzoni mwa zamu. Kwa vyeo, linafanya kazi daktari naye akishika ambu mbele ya wakunga na kukosolewa kama wengine. Akisimama pembeni kutoa alama, uoga unabaki ulivyokuwa.

Inazifaa timu zinazokutana na dharura zinazojulikana mapema: leba, mapokezi, chumba cha upasuaji. Haisaidii sana matatizo ya polepole, kama mgonjwa wa presha anayezungushwa kliniki tatu zisizosemezana.

Kujifunza ndani ya wodi yenyewe

Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, kilianzisha wodi ya mafunzo ambako wanafunzi wa udaktari, uuguzi na tiba za viungo wanahudumia wagonjwa halisi kama timu moja, wakufunzi wakiwa nyuma yao. Kuinakili ilivyo kunahitaji wakufunzi wengi kuliko hospitali zetu nyingi zilivyo nao. Hata hivyo, kiini chake kinabebeka, na huku kinachukua sura ya mambo matatu ambayo tayari yapo kwenye kazi: raundi, makabidhiano ya zamu na orodha ya upasuaji salama.

Tazama raundi ya kawaida. Daktari yuko mbele, wanafunzi wamemzunguka, muuguzi anasukuma toroli la mafaili nyuma kabisa. Daktari anaandika dawa. Mfamasia hayupo, na yeye ndiye anayejua kwamba dawa hiyo iliisha stoo tangu juzi. Saa nne ndugu wa mgonjwa anatumwa duka la nje, na saa kumi anarudi mikono mitupu kwa sababu fedha haikutosha. Kesho yake kwenye faili kunaandikwa kwamba mgonjwa haitikii matibabu. Mfamasia mmoja akisimama kwenye raundi hiyo hata mara mbili kwa wiki, na muuguzi wa usiku akipewa nafasi ya kusema kwanza, msururu huo unakatika.

Orodha ya upasuaji salama ya WHO ina vipengele 19 katika hatua tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Kimoja kinamtaka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake. Mtu ambaye sauti yake imeshasikika mara moja chumbani anapata urahisi wa kusema tena akiona kitambaa kimesahaulika tumboni. Orodha ilijaribiwa kwenye hospitali za miji 8 duniani, Ifakara ikiwemo pamoja na London, Toronto na New Delhi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha inayojazwa upande wa ofisi baada ya mgonjwa kutoka haina kazi yoyote, na kila aliyewahi kufanya kazi chumba cha upasuaji anajua mahali inapofanyika hivyo.

Kwa fedha, njia hii ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa uongozi ndiyo ghali kuliko zote. Inatibu upotevu wa taarifa na kazi zinazofanywa kila mtu kivyake, na faida yake inamfikia mgonjwa siku ileile. Kwa vyeo ni ngumu, kwa sababu inagusa mamlaka halisi. Daktari bingwa asiyetaka kuulizwa maswali mbele ya wagonjwa anaweza kuizima kwa uso wake tu. Ndiyo maana mganga mfawidhi na muuguzi mfawidhi lazima waikubali kwanza wao wawili, kisha wasimame nayo miezi kadhaa bila kutetereka. Na ikitegemea mtu mmoja, siku akihamishwa inaondoka naye.

Inawafaa waajiriwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atazubaa tu, bado hana cha kuchangia.

Kuwapeleka vijijini pamoja

Afrika Mashariki ina mizizi hapa. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilijenga mafunzo yake ya afya juu ya kazi ya jamii tangu mwanzo, na Makerere ikageuza mitaala yake kuelekea huko mwaka 2003. Wanafunzi wa kada mbalimbali wanakaa wiki kadhaa kwenye kituo cha afya, wanatembelea kaya, wanatambua tatizo moja na kulifanyia kazi na viongozi wa eneo.

Kinachobadilika kijijini ni nani anayejua. Kwenye kaya ambayo mtoto ana utapiamlo, mtaalamu mkuu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua kwamba mama analima shamba la mbali na mtoto anashinda na bibi yake. Mwanafunzi wa udaktari na mwenzake wa lishe wote wanageuka wanafunzi wa mtu mwenye mafunzo ya miezi michache. Cheo kinashuka bila mtu kukemewa. Wanaishi nyumba moja, wanapika zamu kwa zamu, na urafiki huo unaendelea kusaidia miaka baadaye, pale rufaa inapohitaji simu moja kwa mtu unayemfahamu.

Upande wa pili, gharama ni kubwa: usafiri, malazi, msimamizi. Mvua zikikata barabara, ratiba imekwisha. Ushahidi wa athari kwa afya ya wanakijiji wenyewe ni mgumu kupatikana, kwa kuwa wanafunzi wanaondoka kabla matokeo hayajaonekana. Na lipo suala la haki ambalo vyuo vinalipuuza: kijiji kinachohojiwa na kundi jipya kila mwaka bila kurudishiwa majibu kinachoka, na kina haki ya kuchoka.

Inawafaa vyuo vinavyoandaa watumishi wa zahanati na vituo vya afya, na vyenye uhusiano wa kudumu na halmashauri. Dharura za leba haitaziponya.

Kwa hiyo uanzie wapi?

Kama uko zahanati yenye tabibu mmoja na wauguzi wawili, achana na mipango mikubwa. Tafuta mdoli mmoja, hata wa kuazima kwa zamu na vituo jirani, mfanye dakika 5 kila Jumatatu, mkibadilishana nafasi.

Kama ni hospitali ya wilaya na malalamiko makubwa ni taarifa kupotea na dawa kuandikwa bila kuwepo, anza na raundi na makabidhiano. Chagua wodi moja ambayo daktari wake na muuguzi kiongozi tayari wanaelewana, iendeshe mpaka izoeleke, ndipo uhamie nyingine. Kama vifo vya leba vinakusumbua zaidi, tanguliza mdoli, raundi zifuate.

Kama tatizo lako ni uoga, wauguzi wanaona kosa na kunyamaza, pima kwanza kama madaktari wako wako tayari kushiriki. Wakiwa tayari, mazoezi ya dharura pamoja na orodha ya upasuaji yanaenda vizuri kwa pamoja. Wasipokuwa tayari, usiwapeleke wauguzi peke yao kwenye mafunzo ya kujiamini. Utawarudisha kwenye wodi ileile, na atakayeumia ni yule aliyethubutu kusema.

Kama unaongoza chuo chenye kada nyingi, moduli ya darasani ni mahali pazuri pa kuanzia mwaka wa kwanza au wa pili, mradi mwaka wa mwisho kuwe na wodi au kijiji cha kuifanyia kazi. Chagua kijiji ikiwa wahitimu wako wengi wanapangiwa pembezoni, chagua wodi ikiwa wanabaki hospitali kubwa.

Kama chuo chako kina kada moja tu, nenda kazungumze na hospitali ya karibu kabla hujaandika mtaala wowote. Waombe wanafunzi wako waingie kwenye makabidhiano ya saa moja na nusu asubuhi, wasimame na watumishi wa kada nyingine, na kila mmoja apewe mgonjwa mmoja wa kumwelezea. Peleka pia mkufunzi wako mmoja akae nao, la sivyo wanafunzi watapangwa ukutani na kusikiliza.